Hifadhi wakati watu wameshaondoka: majira yangu ya baridi Fort Snelling

Mama yangu yuko Muheza. Kila nikimpigia simu Jumamosi akasikia upepo unavuma, swali lake ni lile lile: "Mwanangu, umeenda tena kwenye hiyo baridi? Unatafuta nini huko?" Huwa namjibu kwa kifupi kwa sababu mikono inaganda. Leo nimekaa ndani na chai yangu, nataka nieleze vizuri, maana hata hapa St. Paul, jimbo la Minnesota, Marekani, wenzetu wengi, Watanzania, Wakenya na Wakongomani, wanazijua hifadhi za jimbo kwa nyama choma ya Julai tu. Ikifika Oktoba hakuna anayezikumbuka tena mpaka Juni.

Mimi pia nilikuwa hivyo. Nilifika Minnesota Oktoba 2018, na tarehe 30 Januari 2019 kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Shule zilifungwa, hata posta ikasitisha kupeleka barua. Nilikuwa nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee. Naingia kazini giza, natoka saa moja asubuhi bado giza, nalala, nikiamka jua ndiyo linazama. Mwezi Desemba hapa jua huzama saa kumi na nusu. Kufikia Februari nilikuwa nalia nikiosha vyombo na sijui nalilia nini. Daktari aliniambia mambo mengi, nikashika moja: toka nje mchana, upate mwanga, hata kukiwa na mawingu.

Hifadhi iliyokuwa karibu nami ni Fort Snelling. Iko bondeni, chini ya uwanja wa ndege, pale mto Minnesota unapoingia kwenye Mississippi. Mwaka ule mito ilifurika, hifadhi ikafungwa kwa miezi. Kwa hiyo mara yangu ya kwanza ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Novemba 2019, siku moja baada ya sikukuu ya Shukrani. Siku hiyo hifadhi zote za jimbo la Minnesota huingiwa bure. Theluji ilikuwa imeanguka siku mbili kabla, imejaa kila mahali, na kwenye maegesho kulikuwa na magari machache ya kuhesabu.

Nilivaa jinzi na soksi za pamba. Nilitembea kwa nguvu, nikatoka jasho, pamba ikalowa, na nilipopunguza mwendo baridi ikanishika kuanzia miguuni. Baada ya dakika arobaini sikuwa nahisi vidole. Nilirudi kwenye gari nikavisugua mpaka uhai ukarudi, na uhai ukirudi kwenye vidole unauma kuliko baridi yenyewe. Wiki iliyofuata nilikwenda kwenye duka la mitumba nikanunua sufu: sweta mbili nyembamba, soksi, na shali ya shingoni. Pamba ikilowa inakusaliti, sufu hata ikiwa na unyevu inaendelea kukupa joto. Nikaacha pia kujifunga nguo nyingi tangu nyumbani. Natoka nikihisi baridi kidogo, mwili ukichemka navua moja, nikisimama navaa. Hapo ndipo nilipoanza kutembea kwa muda wa saa mbili, hata tatu, bila shida.

Na kuna vitu ambavyo Julai huvioni. Majani yote yameanguka, kwa hiyo unaona mbali mpaka ng'ambo ya mto. Miti mikubwa ya kotonwudi, yenye magome yaliyopasuka kama ardhi ya kiangazi, inasimama peke yake. Kulungu wanapita kwa mstari, kila mmoja akikanyaga alipokanyaga mwenzake. Pale ambapo mkondo una nguvu na maji hayajaganda, tai wenye vichwa vyeupe wanakaa juu ya matawi wakingoja samaki. Baridi ikizidi, theluji inalia chini ya kiatu kama mlango mkavu. Ndege za abiria zinapita chini kabisa juu ya kichwa, halafu kimya kinarudi, na kimya hicho nilikihitaji kuliko dawa. Theluji ikiwa nyingi nakodi viatu vya theluji, vile vipana vya kufunga chini ya buti, ofisini kwao pale pale. Nilipoanza kwenda, kibali cha gari cha mwaka mzima kilikuwa dola 35, cha siku 7. Ukienda mara sita tu kilikuwa kimeshajilipa.

Baridi ndiyo iliyonifanya nielewe pia hapo ni mahali gani. Wadakota, wenyeji wa asili wa nchi hii, wanapaita Bdote, makutano ya maji, na kwao ni patakatifu. Baada ya vita vya 1862 kati yao na Marekani, serikali ilikusanya Wadakota wapatao 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, ikawafungia kwenye uwanda huo chini ya ngome ya jeshi ya Fort Snelling, kwenye mahema, majira yote ya baridi. Wengi walikufa kwa maradhi. Kuna kumbukumbu yao pale, na watu huacha vitambaa na vifurushi vidogo vya tumbaku. Mtu akipita hapo Julai na kikapu cha vyakula anaweza kusoma kibao akaendelea na safari. Nilikisoma Januari, nikiwa na sufu tabaka tatu, nikashindwa kukaa dakika tano. Tangu hapo sipiti bila kusimama.

Kosa moja nililifanya kwenye hifadhi nyingine, Afton, kwenye vilima vya mto St. Croix. Nilikuta njia nzuri imelainishwa, ina mifereji miwili iliyonyooka, nikaifuata kwa miguu. Kumbe ni njia ya skii, zile mbao ndefu za kuteleza juu ya theluji. Mzee mmoja alisimama, akaniamkia kwa upole, akanionyesha mashimo ya buti zangu yaliyokuwa nyuma yangu. Akasema usiku yataganda yawe kama mawe, na mtu akishuka kilima kwa kasi atavunjika mguu. Niliona aibu sana. Ile mifereji hutengenezwa alfajiri na mtu mwenye mashine, na mimi nilikuwa nimeiharibu kwa nusu saa. Sasa kabla ya kushuka kwenye gari natazama ramani: ipi ya skii, ipi ya miguu. Na barafu ya mto siiamini hata wengine wakipita juu yake. Kwa ziwa wanasema iwe na unene wa sentimita kumi ndipo mtu atembee. Mto una mkondo unaokula barafu kutoka chini, na kwa juu huoni kitu.

Kuna na kazi ninayoifanya Fort Snelling, ile ninayomwambia mama: kuondoa kichaka kigeni. Ilianza Novemba 2021. Kichaka hicho cha msituni kinaitwa bakthoni. Kililetwa kutoka Ulaya katikati ya karne ya 19 ili kiwe ua wa nyumba, kikatoroka. Ndege wanakula tunda lake jeusi, linawaharisha, mbegu zinatawanyika kila mahali. Kikishika kinaziba mwanga wote, na chini yake maua ya asili hayaoti, miche ya mwaloni haioti. Lakini kina udhaifu mmoja. Miti ya hapa inapukutisha majani Oktoba, na bakthoni inabaki kijani mpaka katikati ya Novemba. Ukisimama ukatazama msitu mwezi huo, kila kilicho kijani kwa chini ni adui. Ndiyo maana kazi hii ni ya wakati huo, wakati wageni wameshaondoka na wafanyakazi wa msimu wameshamaliza mikataba yao.

Nilipoelezwa habari hii moyo wangu ulirudi Amani, kule Usambara ya Mashariki. Baba alikuwa na kazi ya misitu. Kuna mti unaitwa mesopsisi, ulipandwa enzi za ukoloni, na hondohondo wakala matunda yake wakaupeleka ndani ya msitu wa asili. Nilikuwa mtoto, baba akininyooshea kidole: huu si wa hapa, huu si wa hapa. Sikutegemea kuisikia habari ile ile Minnesota, ndege wengine, mti mwingine.

Huwa tunaanza saa tatu asubuhi. Ile midogo tunaing'oa kwa mkono maana ardhi bado haijaganda. Unaishika chini kabisa, unaitikisa, unavuta polepole, la sivyo inakatika na mzizi unabaki. Ile minene tunaikata kwa msumeno karibu na ardhi. Mara ya kwanza nilipokata mmoja nilishtuka: pembeni mbao ya njano, katikati rangi ya chungwa kali, kama mtu amefungua papai. Hapo mfanyakazi wa hifadhi mwenye leseni anakuja na kichupa na kupaka dawa kwenye kisiki, la sivyo kitachipua matawi kumi. Usiende peke yako na panga lako. Kuna mche mwingine wa asili unafanana nao, na bila kuonyeshwa utakata huo usio na hatia. Waandikie hifadhi, watakupa tarehe, glavu na mtu wa kukufundisha.

Mwaka uliofuata nilimleta jirani yangu Mkongomani na watoto wake watatu. Yule mdogo alinishika mkono tangu getini: "Mama, huku hakuna nyama mubaya?" Kwa Kiswahili chao nyama ni mnyama. Nikamwonyesha nyayo za kindi, akazifuata mpaka kwenye mti. Baba yake alikuwa amebeba kuni kwenye buti ya gari, tuwashe moto. Ikabidi nimzuie, na haikuwa rahisi kumzuia mtu aliyekuja na wema wake. Kuna mdudu wa kijani anayeua miti ya eshi, aligunduliwa Minnesota mwaka 2009, hapa hapa St. Paul, na husafiri ndani ya kuni za watu. Kuni zinanunuliwa pale hifadhini. Tulikunywa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, tukala maandazi yaliyokuwa yameanza kuwa magumu kwa baridi, na watoto waling'oa miche mingi kuliko sisi.

Machi na Aprili ndiyo miezi migumu kwangu, kwa sababu matunzo yake ni kutokwenda. Barafu ikiyeyuka udongo unakuwa uji. Buti moja inaacha shimo, maji yanajaa, anayefuata anakwepa pembeni, na njia ya hatua mbili inakuwa ya hatua sita. Nyumbani hakuna anayekanyaga shamba la mfinyanzi mvua ikiwa imetoka kunyesha. Nikikuta kibao cha kufungwa nageuza gari.

Novemba iliyopita tulirudi kwenye kipande chetu cha kwanza. Visiki vimeoza, unavivunja kwa kidole. Katikati yake nilikuta mche wa mwaloni, una majani manne ya kahawia yaliyogoma kuanguka. Na pembeni, miche ya bakthoni, kijani, urefu wa kidole, kadhaa wa kadhaa, kwa sababu mbegu zake hukaa ardhini hadi miaka mitano. Nilipiga magoti nikaanza kuing'oa mmoja mmoja kwa vidole viwili. Simu ikaita mfukoni. Nilijua ni mama.