Siku tatu kwenye kigoda cha mama lishe

Wiki iliyopita nilikuwa Temeke kwenye utafiti wa majiko banifu. Dodoso lilishanipa jibu: karibu kila mtu alisema jiko jipya ni zuri, linakula makaa kidogo. Sikuridhika. Nikamwomba mama lishe mmoja anipe kigoda nikae tu, nitazame.

Saa kumi na moja alfajiri analiwasha lile jiko jipya, anachemsha chai. Ikifika zamu ya ugali, analisogeza pembeni na kuvuta lile zito la ringi ya gari. Siku ya pili nikamuuliza, "Mama, mbona hili umelihama?" Akanipa mwiko. "Songa mwenyewe, mwanangu."

Nilipoukandamiza ule ugali wa watu thelathini, jiko likayumba, sufuria nusura ipinduke. Jepesi mno! Nani angeandika hilo kwenye dodoso?

Nikakumbuka M-Pesa. Majaribio ya 2005 kule Kenya yalilenga marejesho ya mikopo midogo, lakini watu wakaonekana wanatumiana pesa. Ilipozinduliwa 2007, kutuma pesa nyumbani ndiko kulikotangazwa.

Kesho narudi na fundi aliyelibuni jiko. Naye atashika mwiko.