Ndoto yangu niliipangia kwa maji ya bamvua

Sisi wakulima wa mwani hapa Bwejuu, Zanzibar, mwezi tunauhesabu kwa maji. Bamvua huja mara mbili, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari ikatoka mbali kuelekea mwambani, nasi tukashuka kufunga na kuvuna. Yakiingia maji mafu, bahari isipotoka mbali, tunabaki nyumbani. Siku zile za maji mafu nilizizoea kuwa za kungoja tu, na mabadiliko yangu yalianzia hapo hapo, kwenye siku nilizoziona tupu.

Ndoto ninayo tangu zamani: sabuni ya mwani niliyoipika mwenyewe, ina jina langu, inauzwa. Kila nikiitaja nilimalizia, "Mungu akinijaalia," basi mazungumzo yakaishia hapo. Mama mkwe wangu, ambaye mwani ameujua tangu ulipoanza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, alinijibu siku moja tukiwa tunaanika: "Mwanangu, yule bedui Mtume alimwambia amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndio atawakali. Wako umemfunga wapi?"

Neno lile lilinikaa. Nikachukua daftari la skuli la mwanangu, nikaanza kuandika, ukurasa mmoja kwa kila bamvua na mmoja kwa maji mafu. Sharti nililojiwekea ni kuandika yale tu ambayo mikono yangu inayaweza. Bei ya mwani siipangi mimi. Joto la maji silizuii mimi, nalo ndilo lililotunyima kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, tukabaki na spinosamu, aina ya bei ndogo. Kwa hiyo sikuandika "nipate fedha nyingi". Niliandika: "Bamvua hii niweke kando kapu moja la kusaga." "Maji mafu haya niende Paje nikafunzwe kupima kostiki." Malengo ya namna hiyo jioni unajua umeyatimiza au hukuyatimiza. Mtu akiniuliza, hilo ndilo ninalolisisitiza kuliko yote.

Kostiki yenyewe, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, ilinitia hofu. Unaimimina ndani ya maji, kidogo kidogo, kamwe usimimine maji juu yake. Unafanya uwani penye upepo, glavu mkononi, watoto wako mbali. Mwani umeshaoshwa kwa maji baridi hata chumvi imetoka, umekauka juu ya chanja, umesagwa ukawa unga laini. Unachanganya na mafuta ya nazi, unakoroga mpaka mwiko uache alama juu ya uji ule, ndipo unatia mafuta ya karafuu na kumimina kwenye kasha. Ikishakatwa inakaa rafuni wiki nne au zaidi kabla ya kuuzwa. Mwenye haraka atauza sabuni inayochoma ngozi, na mteja huyo harudi tena.

Kwetu mtu huficha mipango yake akiogopa husuda, wala siwalaumu wanaoficha. Mimi niliwaambia wawili tu, mume wangu na shoga yangu ninayefunga naye mwani. Huyu shoga amenisaidia sana. Tukishuka pwani, salamu haijaisha ameshauliza, "Ukurasa una nini safari hii?" Nikiwa sikufanya kitu, huwa natafuta pa kuficha uso.

Kaskazi ikaingia, maji yakawa moto, mwani ukaanza kuoza kwenye kamba. Zamani msimu huo ulinivunja moyo kabisa. Safari hii nilitazama daftari nikaona jambo lililokuwa mbele ya macho yangu miaka yote: mwani unapooza, wageni ndio wamejaa mahotelini. Tangu hapo kurasa za kusi ni za kulima, kusaga na kupika, na za kaskazi ni za kuuza. Nyumba moja ya wageni Paje ilichukua sabuni za kuweka vyumbani, ikaagiza tena, na duka moja Darajani likafuata. Fedha ya mwanzo ilinunua mashine ya kusagia, kwa sababu ukurasa ulisema hivyo kabla fedha haijafika. Ingekuwa haina kazi iliyoandikwa ingeishia kwenye harusi za watu.

Bamvua hii nimeandika: kupeleka maombi ya alama ya ubora Taasisi ya Viwango Zanzibar. Shoga yangu ameshasema tutakwenda mjini pamoja, na nauli ya kwenda anatoa yeye.