Fumbo lipo, anayefumbiwa ndiye aliyebadilika

Mwezi uliopita nilikwenda Wete kwenye harusi ya binti wa jamaa yetu, na usiku wa taarab nikakaa karibu na kinanda nikiwatazama akina mama wakiinuka mmoja mmoja kwenda kutunza. Kila ubeti uliomgonga jirani, wifi au mke mwenza uliwainua kwa wingi, noti zikapepea juu ya kichwa cha mwimbaji, na aliyelengwa, kama alikuwapo, naye akainuka na noti yake kuonyesha kwamba hakuumia. Ilipokaribia saa sita, kijana aliyekuwa akiimba akachomeka mistari miwili ya kwake mwenyewe, juu ya mifereji isiyotoa maji na ndoo zinazopangwa foleni tangu alfajiri. Watu walicheka, wengine wakapiga vigelegele, lakini hakuinuka hata mmoja kumtunza, na wimbo ulipokwisha nikamwona mwenye shughuli akimsogelea na kumnong'oneza. Mistari ile hakuirudia tena.

Tangu usiku ule nimekuwa nikiifikiria lawama ninayoisikia kila barza, kwamba vijana wa leo wanaimba mapenzi tu na hawana habari na nchi yao. Sioni kwamba lawama hiyo ni ya haki. Kijana yule alikuwa na habari, na alikuwa na ufundi wa kuisema. Kilichokosekana ni mtu wa kumlipa kwa kuisema, na hata wa kusimama naye kwa nafasi ya noti moja. Kwa maoni yangu, ufundi wetu wa kufumba haujafa hapa visiwani. Umehamishwa tu, kutoka kwa mwenye amri kwenda kwa jirani.

Anayetaka kujua fumbo lilikuwa likielekezwa wapi na aanze na Siti binti Saad. Mwanamke huyu aliyezaliwa Fumba, katika ukoo wa watu wa chini, aliikuta taarab ikiimbwa na wanaume, kwa Kiarabu, katika majumba ya wakubwa, akaiimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya His Master's Voice, naye akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake ilisambaa kwa njia hiyo. Tunapenda kulitaja tukio hilo katika sherehe, lakini hatutaji sana kilichokuwamo ndani ya nyimbo. Wimbo wa Kijiti ulihusu mauaji ya mwanamke aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam: muuaji akavuka bahari akatoroka, na walioishia kuadhibiwa mahakamani ni wanawake waliokuwa pamoja na marehemu. Huo haukuwa mpasho wa mtaani. Ilikuwa hukumu juu ya mahakama ya kikoloni, ikitolewa na watu wasiokuwa na kiti ndani ya mahakama hiyo, na kila aliyeusikia alielewa nani anasemwa.

Naomba nikae kidogo hapa, kwa sababu pana jambo linalosahauliwa. Siti aliimba pia mbele ya Sultani, na katika majumba ya matajiri alipokewa kwa heshima, kwa hiyo hakuwa mpinzani wa kudumu wala hakujitenga na wenye nguvu. Lakini nyumbani kwake, Ng'ambo, watu wa kawaida walikusanyika usiku kumsikiliza, na habari walizoingia nazo, za kesi, za dhuluma, za makarani waliokula fedha, ndizo zilizoweza kutoka mlangoni zikiwa wimbo. Mwaka ule ule wa 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao. Mwimbaji na wasikilizaji wake walikuwa mtaa mmoja na shida moja. Aliweza kula kwa wakubwa na bado akatunga kwa ajili ya majirani, kwa kuwa majirani nao walikuwa wakimsikiliza kila usiku na walijua kama amenyamaza.

Kwetu Pemba tulikuwa na kibati. Kwa wasioijua, ni ngoma ambayo watu hujibizana kwa maneno ya haraka sana, yanayobuniwa papo hapo, huku vigoma vikienda na waitikiaji wakidakia. Nilipokuwa mdogo, mwishoni mwa miaka ya 1980, bei ya karafuu ilikuwa imeanguka duniani baada ya Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, kuanza kujitosheleza kwa mavuno yake, na kwa kuwa mnunuzi halali wa karafuu hapa ni shirika la serikali peke yake, kila nyumba ilikuwa na la kusema juu ya mizani, juu ya bei, na juu ya mashua zilizoondoka usiku na karafuu za magendo. Nakumbuka wachezaji wawili wakijibizana, mmoja akijifanya karani wa mizani na mwengine mkulima aliyeshuka na gunia, maneno yakienda kwa kasi hadi mtoto kama mimi nikawa nashika neno moja katika matatu. Bibi yangu, aliyekuwa amekaa kando yangu, alikuwa akinitafsiria kwa sauti ya chini. Mbele, katika safu ya wageni wa heshima, walikaa wakubwa wa kituo, nao wakicheka. Kibati iliwapa nafasi ya kusikia bila kulazimika kukiri kwamba wamesikia.

Nini kilitokea? Sehemu ya jibu ni Mapinduzi ya 1964 na yaliyofuata, kwani vikundi vya muziki vilivutwa karibu na chama na dola, na mtunzi akawa anatarajiwa kusifu ujenzi wa nchi. Sidharau nyimbo za wakati ule. Nyingi ni nzuri, na waliozitunga wengine waliziamini. Lakini zilituzoesha kwamba siasa katika wimbo ni sifa. Ulipokuja mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, chama tawala kiliunda kikundi cha Tanzania One Theatre huko Bara, na Bi Khadija Kopa, aliyeanzia Culture Musical Club hapa Unguja, akawa miongoni mwa nyota wake. Miaka hiyo hiyo ikaja taarab ya kisasa, yenye kinanda cha umeme na midundo ya kucheza, na fumbo likapewa jina la mipasho. Wapo wanaoidharau mipasho kuwa ni matusi ya wanawake. Mimi siidharau hata kidogo: ni lugha ngumu, yenye kina, na kwa wanawake wengi ndiyo mahali pekee wanapoweza kusema lililowachoma. Ninachosikitikia ni kwamba uhodari wote ule wa maneno sasa unamaliza nguvu zake kwa mwanamke wa nyumba ya pili, ambaye mfereji wake umekauka vilevile.

Vijana wa kizazi changu tulipata pumzi kutoka Bara. Professor Jay alipotoa "Ndiyo Mzee" mwaka 2001, akiigiza mwanasiasa anayeahidi kila kitu mbele ya umati unaoitikia tu, tuliukariri wimbo wote skuli. Yeye baadaye akawa mbunge wa Mikumi mwaka 2015, na kabla yake mwanarap mwenzake, Sugu, alikwishaingia bungeni mwaka 2010 kwa jimbo la Mbeya Mjini, jambo ambalo lilitufurahisha, ingawa liliuacha uwanja wa muziki na sauti mbili pungufu. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake "Wapo", kisha akaachiwa baada ya Rais Magufuli mwenyewe kusema wimbo uendelee kupigwa. Wengi walishangilia. Mimi nilibaki na wasiwasi, kwani wimbo unaohitaji ruhusa ya rais ili usikike ni wimbo ambao kesho anaweza kuunyima ruhusa hiyo hiyo.

Hapa kwetu mambo yana uzito wake zaidi. Tarehe 27 Januari 2001 watu waliuawa katika maandamano, Unguja na Pemba, na zaidi ya 2,000 wakavuka hadi Shimoni, Kenya, kutafuta hifadhi. Nilikuwa kijana mzima wakati ule, na hadi leo sijasikia wimbo mmoja redioni juu ya siku ile, si wa kulaumu wala hata wa kulia. Uchaguzi wa Zanzibar wa 2015 ulifutwa, ukarudiwa Machi 2016, na nyimbo zilizosikika barabarani zilikuwa za kampeni, zilizolipiwa. Hofu ipo na ni haki kuitaja, na pia lipo baraza la sanaa lenye mamlaka ya kukagua na kuzuia kazi za wasanii. Lakini hofu haielezi yote, kwa sababu wakati wa Siti pia kulikuwa na polisi na mahakama.

Nilipomweleza ami yangu habari ya kijana wa harusini, yeye aliyepiga fidla katika kidumbak, ile taarab ndogo ya mitaani, kwa miaka mingi, hakushangaa.

"Mwanangu," akaniambia, "zamani sisi tukilishwa na mtaa. Sasa niambie, huyu kijana nani anamlisha?"

Nikahesabu, na hesabu haikuwa ndefu. Msanii wa Zenji Flava, muziki wa vijana wa hapa, au wa taarab hapa visiwani hupata fedha yake harusini, hotelini na kwenye kampeni. Harusini hulipa mwenye ugomvi wake. Kwenye kampeni hulipa mgombea. Na katika hoteli za Nungwi, Kendwa na Paje, mgeni aliyekuja kupumzika siku saba hataki kuambiwa habari za maji, hata kama maji ya bafu lake yamepita mbele ya kijiji kisichokuwa na mfereji, hivyo kijana aliyejaliwa sauti humwimbia "Jambo Bwana" kila jioni mpaka ulimi wake usahau kwamba una kazi nyengine.

Sisemi kwamba hakuna anayejaribu. Siti and the Band, kundi lililotokana na chuo cha muziki cha DCMA, Mji Mkongwe, hawakulichukua jina la Siti kwa pambo tu, bali wameimba juu ya wanawake wanaopigwa na kunyanyaswa. Tamasha la Sauti za Busara nalo, tangu 2004, limewapa wasanii jukwaa karibu kila Februari. Ila jukwaa la siku chache kwa mwaka, lenye kiingilio, haliwezi kufanya kazi ya barza ya kila usiku.

Ami alinieleza jambo jengine ambalo sikulijua, kwamba baadhi ya maneno ya kibati ya miaka ile yalirekodiwa kwa redio ya kaseti na watu wa kawaida, wakayasikiliza majumbani wakati wa masika. Yeye alikuwa na kanda mbili, moja imeliwa na unyevu, nyengine aliiazima mtu na haikurudi. Nimekwishanunua redio ya kaseti inayofanya kazi, na kijana wa harusini, ambaye nimempigia simu, amekubali kuja Wete kukaa na ami na kujifunza namna ya kujibizana. Kwa hivyo kama unayesoma haya una kanda ya kibati nyumbani, ya Wete, ya Micheweni, ya Chake Chake au ya kokote Pemba, hata kama sauti yake imekwaruzika, tafadhali usiitupe. Niandikie, nitakuja kuisikiliza hapo hapo kwako, nami sitaichukua.