Daftari lenye majina mengi kuliko watu

Nilipopewa ukarani wa kanisa, nilikabidhiwa funguo mbili na daftari la washirika lililoliwa na mende pembeni. Daftarini mlikuwa na majina 143. Jumapili ile ibadani tulikuwa 19, pamoja na watoto.

Birika la ubatizo tulikuwa tumelifunika mbao, juu yake tukarundika spika mbovu na viti vilivyovunjika miguu. Kwa Wabaptisti, wanaobatiza kwa kuzamisha, hilo ni sawa na mvuvi kugeuza mtumbwi wake banda la kuku.

Uchache wenyewe haukunitisha. Wabaptisti wa kwanza nao walikuwa wachache: mchungaji John Smyth alipojibatiza Amsterdam mwaka 1609, kisha akawabatiza wenzake akina Thomas Helwys, walikuwa kikundi kidogo cha Waingereza waliokimbia kwao. (Tena walimwagiana maji tu! Kuzamisha kulikuja baadaye. Makanisa saba ya Kibaptisti ya London yaliliandika jambo hilo katika ungamo lao la imani la 1644.) Helwys alirudi kwao, akaandika kwamba mfalme hana mamlaka juu ya roho za watu, akafungwa. Kilichonitisha mimi ni kwamba mchungaji alishaondoka, nasi hatuna askofu wa kutuletea mwingine. Kwetu neno la mwisho ni la mkutano wa washirika.

Basi tukakutana, tukakubaliana kusoma jina moja moja kwa sauti. Tulitumia jioni tatu. Fulani amefariki. Fulani amehama. Halafu yakaja majina ambayo kila mtu alinyamaza. Nikafungua kumbukumbu za zamani, nikakuta mstari huu: "Imeamuliwa suala la kinanda lisizungumzwe tena." Tangu mkutano ule, familia nzima nzima hazionekani tena kwenye mahudhurio.

Shemasi wetu mzee akainua mkono. "Hoja ile niliitoa mimi."

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa mama aliyekuwa akipiga kinanda. Alichomwambia sikijui, na sikuuliza. Mama alikuja Jumapili ya tatu, akaketi nyuma, akaondoka kabla ya matangazo. Iliyofuata akaja na wajukuu wawili.

Wajukuu hao ndio tuliowabatiza kwanza, walipokiri imani yao. Mchungaji mstaafu alikuja kutusaidia. Tulijaza birika usiku. Asubuhi maji yalikuwa yamepungua hadi magotini, ikabidi wabatizwe wakiwa wamekaa. Shemasi alikuwa amepiga magoti pembeni, suti imelowa hadi kwenye viwiko, ameziba ufa kwa taulo.