Nimerudi Old Moshi na jani la sale

Saa tano usiku. Umeme umekatika tangu magharibi, simu imebaki na chaji asilimia 31, acha niandike kabla haijazima maana nikilala na hii kitu kifuani kesho nitaamka nayo hivohivo.

Leo nimerudi kwa yule mzee.

Nianzie mbali kidogo. Mwaka jana mwezi wa 3 ofisi ilitutuma watu wanne Old Moshi kukusanya maoni ya wananchi kuhusu eneo la ule mti alionyongewa Mangi Meli, yule mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, kibao kipya kiandikwe nini, uzio uwekwe au usiwekwe, watoto wa shule wakija waelezwe nini. Tulipewa siku mbili, fomu ya maswali 24, na kila mtu alitakiwa arudi na fomu 15 zilizojaa. Mi nikapangiwa nyumba ya mzee ambaye babu wa baba yake alikuwa kati ya wale walionyongwa siku ile. Tumefika, shikamoo, marahaba, mama wa pale hata chai hajamaliza kumimina mi nishafika swali la 7, familia ingependa nini kifanyike kuhusu mabaki ya marehemu? Mzee akanyanyuka. Hakusema kitu, akatoka, akaenda kusimama kwenye migomba ametupa mgongo, mkono mmoja ameshika mgomba kama mtu anavyoshika bega la mwenzake msibani, akakaa vile muda mrefu sana. Mwenzangu akampiga picha. Mzee akarudi, macho mekundu, akakaa kwenye kigoda chake, na mi nikaendelea na swali la 8.

Yaani hapo. Swali la 8. Zaidi ya mwaka sasa kila nikikumbuka napata joto usoni.

Ile picha ikaja kuwekwa kwenye jalada la ripoti. Ilisifiwa na kila mtu ofisini. Mzee hakuulizwa.

Kwa asiyejua, tarehe 2 mwezi wa 3 mwaka 1900 Wajerumani waliwanyonga watu 19 pale Old Moshi wakidai wanapanga kuasi, na hawakuwa Wachaga peke yao, viongozi wa Meru na wa Arusha nao walikuwemo. Meli ndo yule ambaye watu wake waliwapiga Wajerumani mwaka 1892, na Wajerumani wakarudi na nguvu kubwa 1893 wakamshinda. Baada ya kuwanyonga inaaminika kichwa chake na vya baadhi ya wenzake vilikatwa vikapelekwa Ujerumani, na wajukuu wamevitafuta miaka na miaka. Mwaka 2023 vipimo vya DNA kule Berlin vilikutanisha mafuvu kadhaa yaliyotoka huku kwetu na ndugu zao walio hai, na Novemba mwaka huohuo Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja mpaka Songea akaomba radhi kwa yale ya Maji Maji. Sisi ofisini tunaita hii historia. Mzee yule anaishi kwenye msiba ambao matanga yake hayajawahi kuanuliwa, kwa sababu maiti haijazikwa nzima, na mi nimeingia matangani na fomu na kalamu.

Haya niliyaelewa baadaye, kwenye mafunzo ya siku tatu pale Arusha, ya namna ya kukaa na watu wenye kiwewe, yaani jeraha la moyoni. Niliendea posho, niseme ukweli wangu, nlidhani ni semina kama semina zingine. Mwezeshaji alikuwa mama mtu mzima, sauti ya chini, zamani alikaa na mashahidi wa ile Mahakama ya kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokuwa hapo Arusha kwenye jengo la AICC mpaka ikafungwa mwisho wa 2015. Alisema kabla shahidi hajaanza kutoa ushahidi yeye alikuwa anampeleka kwanza kwenye chumba kikiwa kitupu, hiki ndo kiti chako, jaji anakaa pale, maji haya hapa, mlango ule pale, ukichoka unafanya hivi na mkono na tunasimama. Mtu ambaye siku moja ya maisha yake alinyang'anywa kila uamuzi anarudishiwa uamuzi mdogomdogo, kukaa, kunywa, kunyamaza. Hakuanza na madaftari ya nadharia ingawa nayo yalikuwepo, ile miongozo ya Marekani ya 2014, ujue kiwewe kipo, uone dalili zake, ubadili namna unavyofanya kazi, na usimrudishe mtu kwenye kile kilichomuumiza.

Alafu akaeleza kinachotokea mwilini. Mtu akiguswa pale penye kidonda moyo unaenda mbio, vidole vinapoa, maneno yanakauka, swali linalofuata analisikia kwa mbali kama redio ya jirani, na mtu wa hivyo mara nyingi anakubali kila kitu ili mambo yaishe. Jioni ile nikafungua kompyuta nikatafuta fomu ya mzee. Kuanzia swali la 8 mpaka la 24: ndiyo, ndiyo, sawa, mtakavyoona, ndiyo. Na sisi tulivihesabu vile kama maoni! Tukaandika wananchi wanaafiki uzio.

Siku ya pili alibandika ukutani picha ya sanamu ya Askari ya Dar, akasema kaeni karibu au mbali kadiri mnavyojisikia. Kuna waliosogea wanatabasamu, wanakumbuka kupanda daladala Posta. Kaka mmoja akaenda mpaka dirishani. Babu yake mkuu alichukuliwa kubeba mizigo ya Waingereza Vita ya Kwanza na hakurudi, hata kaburi hawalijui, na jina la kile kikosi cha wapagazi ndo limebaki Kariakoo, watu tunanunua nyanya tu pale. Mwezeshaji akatuambia pia kabla ya Askari kuwekwa 1927 Dar ilikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa zamani wa Wajerumani, ambayo Waingereza waliing'oa, na ikaja kusimamishwa tena Hamburg mpaka wanafunzi wakaiangusha miaka ya 60. Sasa Wissmann ndo aliyeongoza jeshi kuipiga Kibosho kwa Mangi Sina mwaka 1891. Kulikuwa na dada wa Kibosho mle ndani. Kalamu yake ilisimama.

Nami yangu ilinikuta mchana wa siku hiyo. Tuliambiwa tukae wawiliwawili tusimulie kitu kimoja cha nyumbani ambacho watu hawakisemi. Mi Mmeru. Bibi yangu alikuwa binti mdogo Engare Nanyuki mwaka 1951 Waingereza walipowahamisha Wameru kwa nguvu ili ardhi wapewe walowezi, nyumba zikachomwa, mifugo ikaswagwa, ndo ile kesi Kirilo Japhet akaenda nayo Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata. Shuleni nilikariri jina la Japhet nikapata vema. Ila bibi mpaka anakufa alikuwa na kanga moja ya zamani amefunga ndani yake sufuria dogo, kisu, gauni moja na kibiriti, analaza karibu na mlango kila usiku, na sisi wajukuu tulikuwa tunacheka, bibi anasafiri. Sijawahi kumuuliza. Nimefika kwenye kibiriti nikashindwa kuendelea, na yule kaka wa Kariakoo hakuniambia pole wala usilie, alisogeza tu glasi ya maji upande wangu akasubiri.

Hapo ndo nilielewa kwa nini nlikuwa nakimbilia swali la 8. Nlikuwa naogopa kule kunyamaza. Kimya cha mzee kilinigusa pale palipokuwa na kibiriti cha bibi na mi sikujua, nikajificha kwenye fomu. Naamini kabisa anayetumwa kuwauliza watu habari za minara na makaburi inabidi kwanza awekwe chini aulizwe zake, maana asipozijua atawafunga watu midomo akidhani anawasikiliza.

Nimepigania mambo ofisini tangu nirudi, mengine yamekubaliwa. Fomu zimekuwa maswali 6. Tunaenda mara ya kwanza mikono mitupu, kusalimia tu na kusema tutauliza nini tukirudi, na nani atasikiliza sauti tukirekodi, na mtu akikataa hakuna atakayemuuliza kwa nini. Jioni tunakaa sisi wenyewe nusu saa kabla ya kwenda nyumbani. Bajeti ya siku za ziada bado ni ugomvi.

Sasa leo. Mama mwenye nyumba wangu ni Mchaga, jana nilimwambia nataka kwenda kuomba msamaha, akaenda mwenyewe mpakani mwa shamba akakata jani la sale, lile Wachaga wanalotumia kuomba msamaha, akasema maneno usiyatangulize, tanguliza hili. Nimepanda gari ya Kidia asubuhi, jani nimelishika mkononi njia nzima na hakuna aliyeniuliza kitu, wamama walikuwa wananiangalia tu kwa upole.

Mzee alikuwa anapalilia. Nikalishika jani kwa mikono miwili nikampa, nikasema mzee, mwaka jana nilikukosea, uliumia mbele yangu nikaendelea kuuliza, na picha yako tukaitumia bila ruhusa. Nimemletea na ile ripoti aione kwa macho yake. Akafuta mikono kwenye suruali, akalipokea jani, akalizungusha kidogo kwenye vidole. Picha akaiangalia muda mrefu.

"Hapa nilikuwa naongea na baba yangu," akasema. "Hii muitoe mwanangu."

Nikamwambia itatoka, nimeshaandika barua. Akaenda akachomeka jani kwenye paa juu ya mlango, akarudi, akavuta kigoda kingine akakiweka nje, pale kwenye migomba, sio ndani. Tukakaa. Sikufungua daftari. Baada ya muda mrefu akaanza mwenyewe, akasema kile kibao wakiandika wasiandike "Mangi Meli na wenzake", yule mwenzake alikuwa na jina, alikuwa na mke, alikuwa na ng'ombe wawili na mtoto aliyekuwa hajaota meno. Waandike majina yote ya watu wanaojulikana. Akanitajia la babu wa baba yake, mara mbili, ili nilisikie vizuri. Akaanza kueleza ile asubuhi, alivyosimuliwa na baba yake, akafika mahali akainua kiganja.

"Leo tuishie hapa."

Nikasema sawa baba. Akaita ndani chai iletwe, tukanywa, tukaongelea kahawa zake na mvua hii iliyochelewa. Amesema nirudi akimaliza kuchuma.