Jinsi nilivyokomesha kupasuka kwa matairi ya Probox

Ndani ya miezi mitatu tairi la nyuma lilipasuka mara mbili, zote nikitoka Morogoro na magunia ya vitunguu. Fundi akalaumu barabara. Nikachuchumaa nisome ubavuni: 175/65R14 82S. Kumbe hiyo 82 ni alama ya uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, kilo 475. Kibandiko cha mlangoni kilitaka 155/80R14 88/86N. 88 ni kilo 560. Tena mwisho wa maandishi ya DOT, alama ya utengenezaji ubavuni mwa tairi, palikuwa na 1216, yaani lilitengenezwa wiki ya 12, mwaka 2016. Mtumba mzee! Muuzaji mmoja akanishauri, “Chukua pana, ndiyo nguvu.” Nikaaga. Nilinunua mapya yenye 88/86, nikajaza upepo asubuhi matairi yakiwa ya baridi. Tangu hapo jeki haijatoka butini.