Kikombe cha mkojo wa mwanzo

Jumanne niliacha bodaboda kijiweni Ngamiani nikaenda kupima. Sikuwa na usaha wala maumivu. Mke wangu ndiye aliyekutwa na klamidia, ugonjwa wa zinaa, akaniambia kwa upole, "Baba Salma, nenda na wewe."

Kijiweni wengi tunaogopa kile kijiti cha pamba kinachoingizwa kwenye njia ya mkojo. Mimi nilipewa kikombe tu. Lakini nilikuwa nimetoka kukojoa, mhudumu akanirudisha kwenye benchi: "Kaa angalau saa moja, kaka, usiende chooni." Akanieleza kwamba anataka mkojo wa mwanzo kabisa, kidogo tu, kwa sababu ndio unaosafisha njia na kubeba vimelea. Ukimwaga wa mwanzo ukakinga wa katikati, kama tulivyozoea kwenye U.T.I. (maambukizi ya njia ya mkojo), unaweza kuutupa ugonjwa wenyewe chooni. Hili sikulijua, na nadhani wanaume wengi hawalijui.

Karatasi ya kuchovya kwenye mkojo hubadilika rangi kwa dakika chache ikiona chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vimelea, ila haitaji ugonjwa, na isipobadilika si hakika kwamba uko salama. Mashine inayopima vinasaba vya vimelea ndiyo inayotofautisha klamidia na kisonono. Kaswende na VVU hupimwa kwa damu, nikatolewa pia.

Klamidia ilikuwepo. Mwilini sikuhisi chochote, wallahi. Nilimpigia mama Salma nikiwa bado pale nje, nikamwomba radhi. Tumeanza dawa pamoja, na siku saba hizi kila mtu na shuka lake.